Kutoka Dodoma hadi Mbingu: wakulima wa zabibu kwenye mashamba ya kokoa

Tangu bei ya kokoa ilipopaa mwaka 2024, tani moja kwenye soko la dunia ikavuka dola 10,000 na minada ya Kyela ikavuka shilingi 20,000 kwa kilo, vijiji vya Dodoma vimekuwa vikiuliza miche inapatikana wapi. Jibu lije kabla ya safari yenyewe. Kokoa inataka mvua ya milimita 1,250 na kuendelea kwa mwaka, tena iliyosambaa, na haistahimili kiangazi cha zaidi ya miezi mitatu hivi. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600, na kuanzia Mei hadi Novemba ni ukame mtupu. Hata mwenye kisima cha kumwagilia hawezi kuifukuza hewa kavu na upepo wa Julai unaokausha majani machanga. Asipoteze mtu fedha ya miche. Bei nayo imekwisha kushuka sana tangu wakati ule.

Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, Dodoma, walikwenda kijiji cha Mbingu, Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kutafuta kitu kingine. Walitaka kuona wakulima wenye robo ekari, nusu ekari, wanavyokusanya mavuno yao na kuuza kokoa ya ladha ya hali ya juu, ile inayonunuliwa na watengenezaji wadogo wa chokoleti kwa jina la mahali ilipotoka. Mwenye zabibu ana shida ileile ya mwenye kokoa mbichi: anachovuna kinaharibika haraka, na mnunuzi anajua hilo.

Jumatatu, Hombolo

Agosti ni msimu wa pili wa zabibu. Kreti zimepangwa kando ya barabara, Makutupora nyekundu upande mmoja, nyeupe upande mwingine, na mnunuzi asipofika siku hiyo hakuna pa kuzificha jua. Baadhi hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake ya kutengenezea mvinyo, lakini kila mmoja kwa pipa lake, kwa usafi wake na kwa kiwango chake cha sukari. Mnunuzi huchanganya yote na kulipa bei ya ule mbaya. Bibi shamba aliyeongozana na msafara aliomba kila mtu aandike swali moja la kwenda nalo. Karibu wote waliandika lilelile: mnawezaje kuchanganya mali ya watu wengi bila mzuri kuumizwa na mbaya?

Jumanne, Dodoma hadi Ifakara

Treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, nauli daraja la kawaida chini ya shilingi 20,000. Kipande hiki hakina la kusimulia, treni ilikimbia tu. Kutoka stesheni ya Morogoro chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, na upatane bei kabla ya kupanda.

Beba kitambulisho halisi, cha NIDA au kingine kinachokubalika, maana tiketi ya SGR huendana na jina lako. Mkifika Msamvu kabla ya saa nne asubuhi, basi la Ifakara la mchana halina shida. Mkichelewa, laleni Morogoro. Kufika Ifakara usiku wa manane hakuna faida.

Basi lilitoza 15,000 kwa kichwa. Barabara ya Iringa ni lami safi, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi dereva alishuka hadi kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka. Twiga walikuwa karibu kabisa na lami. Mikumi mjini basi linaacha barabara kuu na kushika kushoto kuelekea Kidatu. Hapo ndipo tairi la nyuma lilipopasuka, na jeki ya basi haikufanya kazi. Tulikaa pembeni zaidi ya saa moja na nusu. Mama mmoja mwenye genge la miwa alitoa mkeka na ndoo ya maji ya kunywa, akakataa fedha, akisema, "Wageni wangu leo hawalipi." Aliyetuokoa alikuwa dereva wa lori la miwa, aliyesimama na jeki yake bila kuitwa.

Msimu wa kusaga miwa huanza katikati ya mwaka, kwa hiyo karibu na Kidatu na daraja la Mto Ruaha Mkuu matela ya miwa ni mengi na mwendo ni wa kusuasua. Baada ya hapo Milima ya Udzungwa inasimama upande wa kulia, msitu umefunika hadi juu, na hewa inabadilika kabisa. Aliyetoka Hombolo asubuhi anausikia unyevu kwenye ngozi. Mashamba ya Mang'ula, migomba chini ya minazi na miembe, yanaonyesha tayari kwa nini kokoa inakaa huku.

Ifakara tulipata gesti ya 20,000 yenye chandarua kizima. Kagua chandarua kabla ya kulipa, malaria ya bonde hili si ya kuchezea. Chakula cha usiku kilikuwa wali na kambale wa nazi, 5,000 kwa sahani. Mchele ni wa hapohapo na unanukia.

Jumatano, Mbingu shambani

Ifakara hadi Mbingu ni barabara inayopita chini ya milima na kuvuka mito midogo mingi inayotoka Udzungwa. Agosti ni vumbi tu, lakini masika usiombe. Reli ya TAZARA nayo inapita Mbingu, hivyo anayependa treni aulize ratiba ya wiki hiyo stesheni ya Ifakara.

Shamba la kwanza lilikuwa la mzee mwenye miti kama 110, robo ekari. Nafasi ni mita 3 kwa 3, ambayo kwa ekari nzima hutoa miti 440 na kidogo. Juu kuna miembe na mikenge ya kivuli cha kudumu, chini kuna migomba iliyopandwa kwanza ili ikinge miche katika miaka miwili ya mwanzo. Majani makavu yamelala ardhini unene wa kiganja, na haruhusu mtu ayafagie. Sababu yake ni nzuri. Ua la kokoa ni dogo kuliko kucha, linaota kwenye shina lenyewe, na nyuki hawezi kuingia. Wanaochavusha ni vijidudu jamii ya visubi, wanaozaliana kwenye majani yanayooza na kwenye vigogo vya migomba vilivyokatwa. Anayefagia shamba likang'aa anafukuza wachavushaji wake. Hata palipo na visubi wengi, maua machache sana katika mia hufikia kuwa tunda. Tunda nalo hukaa mtini miezi mitano hadi sita.

Miti ya zamani ya huku haifanani. Mmoja una matunda mekundu yenye mifereji, wa jirani yana rangi ya kijani inayogeuka njano, na mengine ni laini na mviringo. Ni mchanganyiko wa vizazi vingi, wenye damu ya trinitario, ile chotara ya aina mbili za kokoa, criollo na forastero, iliyotokea Trinidad katika karne ya 18. Mzee alipasua punje mbichi za miti miwili kwa wembe. Ya kwanza ilikuwa zambarau iliyokolea, ya pili nyeupe yenye wekundu wa mbali. Weupe huo ni alama ya criollo, na miti hiyo ameitia rangi shinani ili asije akaikata mtu.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapotaka kuhifadhi mti mzuri. Wanachukua mbegu zake na kusia. Lakini kokoa huchavushwa na jirani yake, na miti mingi haiwezi kujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu za tunda moja ni watoto wa baba wasiojulikana. Ukitaka mti uleule, bebesha, yaani unganisha kikonyo chake kwenye mche mwingine. Mbegu yoyote yenye afya inasiwa kitaluni kama shina la chini, na ikifika miezi mitatu hadi sita, ikiwa na unene wa penseli, inabebeshwa kikonyo kutoka mti uliotiwa rangi. Kikonyo kikatwe asubuhi, kifungwe kwenye kitambaa kibichi na kutumika siku hiyohiyo ikiwezekana. Mti mzee unaozaa vibaya nao haung'olewi. Unabebeshwa ubavuni, na kikonyo kikishika shina la zamani linapunguzwa taratibu. Mbegu za kusia nazo hazihifadhiki, zikikauka zimekufa. Asidanganywe mtu na muuzaji wa mbegu za kokoa za pakiti.

Kuvuna hufanyika kila baada ya wiki mbili. Tunda hukatwa kwa mkasi au kisu kikali, halivutwi wala halizungushwi, kwa sababu pale linapong'oka ndipo maua ya msimu ujao yanapotokea. Kidonda kikichimbika, sehemu ile haizai tena. Matunda yenye madoa meusi yanayotambaa yana ugonjwa wa kuoza unaoletwa na vimelea vya Phytophthora, na dawa yake ya kwanza ni mkono: toa kila tunda bovu, pogolea ili hewa ipite, zibua maji yanayotuama. Tunda bovu likiachwa mtini, kila tone la mvua linasambaza vimelea chini yake.

Alhamisi, kituo cha kukusanyia

Siku hii ndiyo ilijibu swali la Hombolo.

Mzee yule alivuna matunda kama 150. Akayapasua kwa rungu la mti. Panga hukata punje, na punje iliyokatwa huingia ukungu kabla ya kukauka. Tunda moja lina punje 30 hadi 45. Mavuno yake yote yalitoa takriban kilo 16 za kokoa mbichi, ambazo zikikauka ni kilo 6 hivi. Kwa kilo 16 huwezi kuvundika vizuri, yaani kuziacha punje zichachuke kwenye rundo. Rundo dogo hupoteza joto upande wote, na bila joto hakuna ladha ya chokoleti. Ushirika katika kokoa, kabla ya kuwa suala la bei au la mkopo, ni suala la joto. Sanduku la sentimita 60 kila upande linabeba kilo 180 hadi 200 mbichi, na hilo linajaa kwa mavuno ya watu kumi na zaidi walioleta siku moja. Kwa kikundi hiki cha wakulima wa Mbingu siku za kupokea ni mbili kwa wiki, na kila mwanachama anapanga kupasua siku hiyo asubuhi. Mbichi ya jana haipokelewi, kwa kuwa imeshaanza kuchachuka ndani ya ndoo, na ikichanganywa na ya leo sanduku zima linakuwa na umri mbili.

Mezani, mama wawili humwaga kila ndoo kwenye chujio la wavu na kuiacha ichuruzike dakika kadhaa kabla ya mizani. Wapo wanaoongeza maji. Wanatoa utambi wa katikati, punje zilizoota, nyeusi, na vipande vya ganda. Ndoo yenye harufu ya siki inarudi na mwenye nayo. Mama mmoja alirudishiwa nusu ya ndoo mbele ya wote na hakubishana, alisema tu, "Haya, wiki ijayo nitawahi." Uzito, tarehe, namba ya mwanachama na namba ya sanduku vinaingia kwenye daftari, nakala anabaki nayo mkulima. Malipo ya kwanza hutolewa hapohapo kwa kilo mbichi, na ya pili huja baada ya mauzo. Ubora unachujwa kabla ya kuchanganya. Baada ya hapo hakuna mzuri anayeumizwa.

Mbingu pia ndipo ilipo Kokoa Kamili, kampuni iliyoanza mwaka 2013, ambayo hununua kokoa mbichi kwa wakulima na kuvundika na kukausha yenyewe mahali pamoja. Kyela, inakotoka sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania, mkulima wa kawaida huvundika na kukausha nyumbani, kisha hupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikauzwe mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani mali ikiwa ghalani na mkulima akiwa na hati yake. Utaratibu wa mnada unampa mkulima bei ya wazi, lakini kwenye gunia moja huwa zimekutana kokoa za mikono mingi, na mnunuzi wa ladha ya pekee hawezi kulifuatilia shamba.

Masanduku yamepangwa kwa ngazi tatu, ya juu humwagwa kwenye ya kati, ya kati kwenye ya chini. Mbao ni za mti usio na harufu wala utomvu, zimeunganishwa kwa vigingi, kwa sababu msumari wa chuma hutiwa kutu na asidi na kuacha ladha. Sakafu ina matundu ya sentimita moja ili maji yatoke, na sanduku limeinuliwa kutoka ardhini. Majani ya mgomba chini, majani ya mgomba juu, kisha gunia la katani.

Saa 48 za kwanza sanduku haliguswi. Hamira za asili zinakula sukari ya ute mweupe na kutoa pombe, joto linapanda taratibu. Kisha linageuzwa kwa koleo la mbao hadi sanduku la pili. Hewa ikiingia, bakteria wa siki wanaichukua pombe, na joto linaruka hadi nyuzi 45 na hata 50. Joto hilo pamoja na asidi ndivyo vinavyoua kiini cha punje. Ikishakufa, zambarau inaanza kugeuka kahawia na uchungu unapungua. Wanageuza tena saa 96, na siku ya tano au ya sita wanatoa. Tulitia mkono kwenye sanduku la siku ya tatu, na hakuna aliyeweza kuuacha humo muda mrefu.

Punje nyeupe za damu ya criollo huiva mapema, siku mbili au tatu zinatosha. Zambarau zinahitaji zote tano au sita. Zikiwa pamoja, unachagua muda wa walio wengi na unanusa kila siku. Harufu ya mkate na matunda, kisha siki kali, ni njema. Ikianza kunuka kama nyama iliyokaa au kama mkojo, umepitiliza, na hakuna kukausha kutakakoiokoa.

Ijumaa, vichanjani

Kukausha nako kuna mtego wake. Tamaa ni kuanika kwenye jua kali siku ya kwanza. Ganda linakauka na kujifunga, asidi inabaki ndani, na chokoleti itakuwa chachu. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo wanatandaza unene wa sentimita 5 hivi, jua la asubuhi tu, mchana wanafunika kivuli, na mikono inageuza kila nusu saa. Baadaye jua kamili. Jumla ni wiki moja hadi mbili kulingana na mawingu. Mwisho ni unyevu wa asilimia 7. Ukizidi 8 ukungu unaingia ghalani, ukishuka chini ya 6 punje zinavunjikavunjika njiani. Moto wa kuni hautumiki kabisa. Kokoa ina mafuta mengi na hunywa moshi, na harufu hiyo haitoki tena. Kwa sababu hiyohiyo ghala halina mafuta ya taa, samaki wala dawa za shamba, na magunia yanakaa juu ya chaga mbali na ukuta.

Kisha kupasua punje ili kupima ubora. Punje 300 zinachukuliwa kutoka magunia tofauti, zinapasuliwa kwa urefu na kupangwa mia mia. Daraja la kwanza halitakiwi kuwa na zaidi ya asilimia 3 zenye ukungu, wala zaidi ya 3 za rangi ya kijivu cha mawe, zile ambazo hazikuvunda kabisa, wala zaidi ya 3 zilizoliwa na wadudu, zilizoota au zilizosinyaa. Mnunuzi wa kokoa nzuri anadai zaidi ya hapo, anataka kahawia yenye nyufa ndani kama ramani ya mito. Vijana wawili walifanya kazi hii kimya kwa zaidi ya saa moja, na matokeo yakabandikwa ukutani pamoja na namba ya sanduku.

Anayetaka kujifunza kwa macho afike kati ya Juni na Novemba, apige hodi ofisi ya kijiji kwanza, na akae angalau siku mbili. Ukikaa siku moja utaona kupokea tu.

Jumamosi na Jumapili, kurudi

Mbingu, Ifakara, Morogoro, hakuna lililotokea ila uchovu. Jumapili tulichagua basi badala ya treni ili kununua vitu njiani. Dumila nyanya na ndizi, Gairo baridi na viazi, ndoo ndogo ya vitunguu 8,000. Kibaigwa magari ya mahindi yalijaa pande zote mbili na tulisubiri muda mrefu. Mlinzi wa lango la soko alitufungulia choo na bomba bila kudai chochote.

Jumapili iliyofuata, Mpunguzi

Kilo mbili za sampuli ziliwekwa mezani, moja ya sanduku lililofaulu, nyingine ya punje zilizobaki zambarau. Zilikaangwa kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo wa mkaa, zikikorogwa bila kupumzika hadi zilipoanza kutoa mlio na maganda kulegea, karibu nusu saa. Maganda yanaondoa asilimia 12 hadi 15 ya uzito. Kiini kilitwangwa kinuni kikiwa moto hadi mafuta yakatoka, gramu 700 kwa sukari gramu 300.

Wakulima wa zabibu wana ulimi wa matunda. Ya zambarau waliitema karibu wote, ukakasi wake unakausha mdomo kama zabibu iliyokatwa kabla ya wakati. Ya pili mama mmoja wa Mvumi aliilamba mara mbili, akasema ina ladha ya zabibu kavu. Baada ya hapo mazungumzo hayakuwa ya kokoa tena. Yalikuwa ya meza ya kupokelea, nani atakaa kwenye mizani, kipima sukari kitanunuliwa na mfuko gani, na kiwango gani kirudishwe mlangoni. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya siku za kupokea, maana wenye maji ya bomba hukata matawi mapema kuliko wanaotegemea visima, na zabibu zao haziivi pamoja. Mwenyekiti aliagiza kila mwanachama alete tarehe yake ya kupogolea kabla ya mkutano ujao, iandikwe kwenye daftari moja.